Kusoma nyayo za barafu: kuchora ramani uwandani na kwenye kompyuta ili kujua barafuto ilifika wapi

Kwenye miteremko ya Glen Roy, Uskoti, kuna mistari mitatu iliyolala sambamba kama rafu za kabati, kwenye mwinuko wa takriban mita 260, 325 na 350. Mwaka 1839 Charles Darwin alichapisha maelezo yake kwamba hizo ni fukwe za bahari ya kale. Mwaka uliofuata Louis Agassiz, mwanasayansi wa Uswisi, akapita hapo hapo, akatazama mistari ile ile, akasema ni fukwe za ziwa lililozibwa na barafu. Agassiz ndiye aliyepata, na miaka mingi baadaye Darwin mwenyewe alikiri kwamba alikosea. Lakini macho ya Darwin hayakuwa na kasoro. Mistari aliiona vizuri na kuieleza vizuri. Aliteleza pale alipotoka kwenye "huu ni ufukwe" akatua moja kwa moja kwenye "hii ilikuwa bahari".

Kisa hicho nakibeba kila ninapofungua ramani mpya. Ulichokiona kiandike mahali pake, unachokidhani kiandike mahali pengine. Hatua zote zilizo hapa chini zinarudi hapo kwa namna moja au nyingine.

Maneno mawili kwanza. Barafuto ni ule mto wa barafu unaojikongoja kushuka bondeni kwa uzito wake wenyewe. Moreni ni tuta la mawe na udongo ambao barafuto huuburuta na kuumwaga kandoni mwake au kwenye ncha yake. Mengine tutayaeleza tukiyafikia.

Hatua ya 1: Bonde moja, swali moja

Usianze na mlima mzima. Chagua bonde moja na ujiulize jambo linalojibika: barafuto ilishuka hadi wapi ilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote? Ilirudi nyuma mfululizo, au ilisimama mara kadhaa njiani? Swali ndilo linaloamua ukubwa wa ramani. Kwa kufuatilia moreni za bonde, mizani ya 1:10,000 inatosha kabisa. Ukitaka kuchora bamba la barafu lililofunika nchi nzima, hiyo ni kazi nyingine, ya timu na ya miaka.

Hatua ya 2: Kusanya data, na uweke kila kitu kwenye mfumo mmoja

Unahitaji vitu vitatu: modeli ya mwinuko ya kidijitali, picha za satelaiti au za angani, na ramani za zamani kama zipo.

Modeli ya mwinuko ni picha ambayo kila pikseli yake imebeba urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Ya bure inayojulikana sana ni SRTM, iliyopimwa na chombo cha anga kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Inafunika dunia kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini, kwa pikseli za mita 30 hivi. Copernicus GLO-30 ina ukubwa huo huo wa pikseli, ni mpya zaidi, na mimi huitumia kwanza. Ukiwa unafanya kazi kaskazini ya mbali, ArcticDEM ina pikseli za mita 2, na ukishaizoea ni vigumu kurudi kwenye nyingine.

Tafakari pikseli ya mita 30 inamaanisha nini. Moreni yenye upana wa mita 20 na kimo cha mita 5 ni tuta ambalo uwandani utalipanda ukihema, lakini ndani ya modeli hiyo halipo. Kwa hiyo ukosefu wa tuta kwenye skrini hausemi lolote kuhusu ukosefu wa tuta ardhini. Kama eneo ni dogo na kibali kinapatikana, droni inaziba pengo hili vizuri: piga picha zinazopishana kwa asilimia 70 hadi 80, weka alama za ardhini ambazo mahali pake umepapima kwa usahihi, kisha programu itakujengea modeli ya sentimita kadhaa.

Kwa picha, satelaiti za Sentinel-2 zinatoa pikseli za mita 10 tangu 2015, na zile za Landsat zina kumbukumbu inayorudi hadi 1972. Kuna hazina nyingine ambayo wengi huipita: picha za satelaiti za kijasusi za Marekani za mradi wa Corona, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995. Kwa barafuto zinazotoweka, picha ya miaka ya sitini ni kama shahidi aliyekuwepo.

Sasa lililonipotezea wiki nzima. Niliwahi kupakia ramani ya zamani ya Mlima Kenya ya 1:50,000 juu ya picha ya satelaiti, na kila tuta nililolichora likawa limekaa pembeni ya tuta halisi. Nikalaumu GPS, nikalaumu ramani, nikakaribia kulaumu mlima. Kumbe ramani ilikuwa kwenye datamu (mfumo wa rejea wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, inayotumika kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki, na picha ilikuwa kwenye WGS84, datamu ya GPS. Tofauti ya hizo mbili katika eneo lile ni takriban mita 300, karibu yote ikielekea kaskazini na kusini. Kabla ya kuchora mstari wa kwanza, soma pambizo la ramani ya karatasi, tambua datamu na projeksheni yake (njia iliyotumika kuibapa dunia kwenye karatasi), kisha geuza kila kitu kiwe kwenye mfumo mmoja. Projeksheni ya UTM kwenye WGS84 inafaa karibu popote, na inakupa vipimo kwa mita badala ya digrii.

Urefu nao una mtego wake. Baadhi ya vifaa vya GPS hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, siyo kutoka usawa wa bahari. Tofauti hiyo, baharini kusini mwa India, inapita mita 100. Hakikisha modeli yako na kifaa chako vinaanzia sakafu moja.

Hatua ya 3: Chora kabla hujaenda

Fungua QGIS, programu ya kuchora ramani. Ni ya bure na inafanya yote tunayohitaji hapa. Tengeneza faili moja la GeoPackage (aina ya faili inayohifadhi matabaka mengi ya ramani pamoja) lenye matabaka matatu: mistari kwa migongo ya moreni, kingo na mifereji ya maji ya barafu, nukta kwa mawe na mikwaruzo, poligoni kwa maeneo yaliyofunikwa na mashapo, yaani udongo na mawe yaliyoachwa hapo.

Kutoka kwenye modeli ya mwinuko, tengeneza picha ya vivuli, yaani ardhi ikiwa imemulikwa na jua la kubuni. Hapa ndipo wengi hudanganywa. Kwa kawaida programu huliweka jua kwenye digrii 315, kaskazini-magharibi. Tuta lililolala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki linaangaziwa kwa urefu wake, halitoi kivuli, na hivyo halionekani. Tengeneza picha tatu: jua la digrii 315, jua la digrii 45, na moja ambayo jua liko juu kabisa. Badilisha badilisha kati yake unapochora. Ongeza na ramani ya mteremko, ambayo haijui jua na kwa hiyo haina upendeleo. Kisha angalia bonde lile lile kwa pembe kwenye Google Earth, ukikuza mwinuko mara mbili hivi. Matuta yaliyopinda kama mwezi mchanga kukatiza bonde huchomoza mara moja.

Katika jedwali la sifa la kila tabaka, weka safu hizi: umbo linavyoonekana, tafsiri yako, kiwango cha uhakika (1 hadi 3), chanzo cha data, tarehe. Safu mbili za kwanza ndizo roho ya jedwali. "Tuta lililopinda, kimo mita 8, linakatiza bonde" ni umbo. "Moreni ya mwisho" ni tafsiri. Ukiunganisha hizo mbili kwenye safu moja, siku utakapobadili mawazo itabidi uanze upya, kwa sababu hutajua tena uliona nini.

Jiwekee pia kanuni ya kuchora kwa mizani isiyobadilika, tuseme 1:5,000. Ukiwa unakuza na kupunguza ovyo, sehemu moja ya ramani inajaa vitu vidogo na nyingine inabaki tupu, halafu msomaji anadhani barafu ndiyo iliyopendelea.

Hatua ya 4: Uwandani

Hamishia ramani kwenye simu kwa QField, programu ya simu ambayo hufanya kazi bila intaneti na kurudisha data kwenye QGIS ikiwa na safu zile zile. Beba chaji ya akiba, na simu ikae ndani ya koti, karibu na mwili. Baridi ya milimani hula betri. Halafu beba daftari lisiloharibika kwa maji na penseli. Simu ikizima saa saba mchana ukiwa juu ya moreni uliyoifikia kwa siku mbili, penseli ndiyo kazi yako yote.

Vingine ni dira yenye klinomita (kipima mteremko), futi ya tepu, koleo dogo, kamera na chupa ya maji ambayo hutainywa yote; utaona kwa nini. Rekebisha dira kwa tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli ya eneo lako, na kama mko wawili, hakikisheni mmerekebisha wote au hakuna aliyerekebisha.

Anza kwa kupanda mahali unapoliona bonde lote. Keti. Chora kwa mkono, hata kama michoro yako haipendezi. Mkono unapochora, jicho linalazimika kuamua tuta linaishia wapi, na uamuzi huo kamera haiufanyi.

Kisha tembea juu ya mgongo wa kila tuta ulilolichora mezani. Weka nukta kila linapobadilika: limekatwa na mto, limegawanyika, limezama. Pima kimo chake na mteremko wa pande zote mbili. Angalia pia lililo nje ya tuta na lililo ndani. Mara nyingi nje udongo ni mnene na mawe yameoza, ndani udongo ni haba na mawe bado yana ngozi. Hapo umevuka mpaka wa umri.

Ukipata mahali ambapo mto au njia imelikata tuta, hapo ndipo pa kutumia saa mbili. Safisha ukuta kwa koleo. Mashapo yaliyoachwa na barafu moja kwa moja yamechanganyika bila mpangilio: unga laini wa mwamba, mchanga, kokoto na mawe makubwa, vyote pamoja kama zege iliyomwagwa. Mawe yake yana kingo zilizolainika kiasi, mengine yana uso bapa uliosuguliwa, na machache yana mikwaruzo. Mashapo ya mto yamechambuliwa, yana matabaka, na mawe yake ni mviringo. Maporomoko ya ardhi huleta mawe yenye ncha kali, na kwa kawaida ni ya aina moja, ile ya jabali lililo juu yake.

Tofauti hiyo ya mwisho siyo ya vitabuni tu. Waiho Loop huko New Zealand ni tuta kubwa lililohesabiwa kwa muda mrefu kuwa ushahidi wa hali ya hewa kuwa baridi ghafla. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba mawe yake mengi ni ya aina moja ya mwamba na yana ncha kali, wakapendekeza kwamba jabali liliporomoka juu ya barafuto na kuisukuma mbele bila baridi yoyote. Mjadala umeendelea. Kwa hiyo hesabu mawe: chukua 50 bila kuchagua, andika aina ya mwamba na umbo la kila moja. Ukikutana na mwamba ambao asili yake iko kichwani mwa bonde, kilomita kadhaa juu, una jiwe geni, na jiwe geni halikuja kwa miguu yake.

Sasa ile chupa ya maji. Mikwaruzo ambayo barafu huiacha kwenye mwamba mara nyingi haionekani jua la mchana likiwa utosini. Rudi asubuhi au jioni mwanga unapopita chini chini, mwagia mwamba maji, uinamishe kichwa. Mistari inajitokeza kama maandishi kwenye karatasi ya kaboni. Ukiwa umepiga kambi karibu, tochi iliyolazwa juu ya mwamba usiku inafanya vizuri zaidi. Pima mwelekeo wa mikwaruzo kumi au zaidi kwa kila eneo. Kumbuka kwamba mkwaruzo unakwambia mhimili tu, haukwambii barafu ilitoka upande gani. Kwa hilo tafuta kinundu cha mwamba chenye upande mmoja laini na upande mwingine umenyofolewa kwa ngazi ngazi: barafu ilipanda kwenye ulaini, ikang'oa upande iliokuwa ikishukia. Ukiona seti mbili za mikwaruzo zinazokatana, ile ya zamani hubaki kwenye vificho ambavyo barafu ya baadaye haikuvigusa.

Jambo la usalama kwa ufupi: moreni zilizo mbele ya barafuto hai zinaweza kuwa na barafu iliyozikwa ndani, na miteremko yake husogea bila taarifa. Usikae chini yake kula.

Hatua ya 5: Patanisha ramani mbili

Rudisha data mezani na pitia kila mstari uliouchora kwenye Hatua ya 3. Baadhi utaiondoa, kwa kuwa matuta fulani yatakuwa yamegeuka kuwa kingo za lava au mabaki ya maporomoko. Usiyafute kabisa. Yahamishie kwenye tabaka la "yaliyokataliwa" pamoja na sababu. Mengine utayaongeza kutoka uwandani. Na kuna yale ambayo uwandani hukuyaona kabisa kwa sababu ulikuwa umesimama juu yake: kutoka satelaiti, vipande sita vya matuta vilivyotengana vinajipanga kuwa tao moja, na ghafla una ncha ya barafuto.

Tegemea mapengo. Barafuto iliyosonga mbele tena ikiwa kubwa kuliko mara iliyotangulia hufuta moreni za mwanzo, kwa hiyo kinachobaki ni mfululizo wa misukumo iliyozidi kupungua tu. Bonde lenye moreni nne huenda lilikuwa na misukumo kumi.

Hatua ya 6: Irudishe barafuto bondeni

Chora poligoni ya mpaka wa barafuto kwa hatua unayotaka kuijenga: ncha kwenye moreni ya mwisho, kingo kwenye moreni za pembeni, na kichwa kwenye kuta za bonde. Kwa unene, kuna hesabu rahisi inayoshangaza kwa jinsi inavyofaa. Barafu huanza kutiririka mkazo chini yake unapofika karibu kilopaskali 100. Kutokana na hapo, unene kwa mita ni takriban 11.3 ukigawanya kwa mteremko wa uso wa barafu. Uso unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10 (mteremko 0.1) unabeba barafu ya mita 113 hivi. Mteremko wa 0.05 unabeba mita 226. Panda bonde kutoka kwenye ncha, kituo baada ya kituo, na ulinganishe na urefu wa moreni za pembeni. Visipopatana, amini moreni na ubadilishe mkazo. Kati ya 50 na 150 ni kawaida.

Ukishapata uso, tafuta mwinuko wa mstari wa mizani, yaani pale ambapo theluji inayoongezeka kwa mwaka inalingana na inayoyeyuka. Njia ya haraka ni ya uwiano wa eneo: kwenye barafuto nyingi za latitudo za kati, karibu asilimia 60 ya eneo liko juu ya mstari huo. Barafuto ya kilomita za mraba 5 itakuwa na 3 juu yake. Tafuta kontua (mstari wa mwinuko mmoja) inayoigawa hivyo. Kwenye tropiki tumia uwiano mkubwa zaidi, karibu asilimia 80, kwa sababu ulimi wa barafuto, yaani sehemu yake ya chini, huyeyuka mwaka mzima na hivyo hauwezi kushuka mbali. Ukaguzi mwingine ni moreni za pembeni zenyewe: hujengwa chini ya mstari wa mizani tu, kwa hiyo sehemu yake ya juu kabisa ni makadirio ya chini ya mstari huo.

Mstari wa zamani ukiwa mita 800 chini ya wa leo, na hewa ikipoa digrii 6.5 kwa kila kilomita, unapata baridi ya digrii 5.2. Andika pembeni, kwa herufi zinazoonekana: "kama theluji ilikuwa kiasi kile kile." Mara nyingi haikuwa.

Hatua ya 7: Umri

Ramani peke yake inatoa mpangilio: ipi kwanza, ipi baadaye. Kwa miaka yenyewe unahitaji maabara. Kaboni-14 hupima mabaki ya viumbe, kwa mfano tope la chini kabisa la ziwa lililozibwa na moreni, lakini haifiki mbali zaidi ya miaka 50,000 hivi, na inakupa umri wa chini tu: ziwa lilianza baada ya barafu kuondoka. Njia nyingine hupima muda ambao jiwe limekaa wazi kwa miali itokayo anga za mbali, kwa kuhesabu atomi adimu ambazo miali hiyo huzijenga ndani ya mwamba. Chagua mawe yenye kimo cha zaidi ya mita moja, yaliyokaa imara juu ya mgongo wa tuta, chukua sentimita chache za juu, na upime pembe za milima inayokinga upeo wa macho. Jiwe moja halitoshi. Chukua matano kwa kila moreni, kwa sababu moja litakuwa limepinduka na jingine litakuwa lilishakaa wazi kabla barafu haijalibeba.

Aina ya mwamba huamua kipimo. Rwenzori ina madini ya kwatzi, hivyo berili-10, mojawapo ya atomi hizo, hufanya kazi vizuri. Mlima Kenya na Kilimanjaro ni volkano, na huko watafiti walitumia nyingine, klorini-36. Uliza maabara kabla ya kubeba mawe, na uliza wasimamizi wa hifadhi kabla ya kuyavunja.

Hatua ya 8: Ramani ya mwisho

Mstari kamili kwa uhakika wa 3, mstari wa vipande kwa 2, nukta nukta kwa 1. Mpaka wa barafuto uliojengwa kwa hesabu upewe rangi yake, usifanane na uliotembewa. Weka kwenye ufunguo jina la modeli ya mwinuko, mizani uliyochorea na tarehe za uwandani. Pamoja na ramani, toa GeoPackage yenyewe, safu ya umbo na safu ya tafsiri zikiwa bado zimetengana, na lile tabaka la yaliyokataliwa likiwa ndani yake.